Kabla Hujamkanyagia Mwanao Breki

Ukiitwa na mtoto wako uje umshikie kitu, dakika moja tu mama, muulize kwanza: nikiachia itakuwaje? Usione haya. Mimi sikuuliza, na ndiyo maana nawaandikia nyinyi wenye vijana wanaounda vitu nyumbani, iwe gari, iwe mashine ya kusaga, iwe ndege kama anavyounda huyu wangu.

Ndiyo, ndege. Cheka tu, wamecheka wengi kabla yako. Mwanangu ni fundi wa magari, kazi anayo, mke anaye, na bado akajitia kichwani kwamba ataunda ndege ya watu wawili kwa mikono yake. Mtaa mzima wanamwita Rubani, na si kwa kumsifu. Ndege yenyewe inakaa gereji, ubavuni mwa nyumba, bila mabawa, maana ikivaa mabawa gereji haiitoshi. Mabawa yamo ndani. Moja limetundikwa sebuleni juu ya makochi, la pili limesimamishwa kwa ubavu kwenye korido, na mimi nikienda chumbani kwangu napita upande upande kama kaa. Nimelalamika mpaka ulimi umechoka.

"Vumilia, mama," hunijibu. "Likiota manyoya litaondoka lenyewe."

Siku ninayoisema ilikuwa siku ya breki. Nikueleze kwanza breki za hiki chombo, maana usipozielewa hutaelewa jinsi nilivyonasa. Magurudumu makubwa ni mawili, yako mbele, na kadogo kako mkiani. Kila gurudumu kubwa lina breki yake na kila breki ina pedali yake. Mguu wa kulia unakamata gurudumu la kulia, wa kushoto la kushoto. Kinachobeba nguvu ya mguu mpaka kwenye gurudumu ni mafuta, mekundu kama sharubati, yanayopita kwenye vibomba vyembamba. Kikiingia kiputo cha hewa humo ndani, breki inalegea, unakanyaga kama unayekanyaga sponji. Kwa hiyo hewa lazima itolewe yote.

Mwanangu hujaza kuanzia chini. Anachomeka mpira kwenye nipeli, kile kitundu cha skrubu kilichopo pale kwenye gurudumu, anasukuma mafuta yapande hadi kwenye kikopo cha plastiki kilichofungwa juu ya pedali. Viputo vinapanda pamoja nayo, kwa sababu hewa ndani ya mafuta siku zote inataka kwenda juu. Upande wa kushoto ulikubali asubuhi hiyo hiyo. Upande wa kulia ukamgomea. Akisukuma, pedali bado sponji. Akisukuma tena, sponji. Mwisho akaamua kufanya kama wanavyofanya kwenye magari: mtu wa juu akanyage, wa chini afungue nipeli hewa itoke, aifunge, wa juu aachie, waanze upya.

Mtu wa juu huwa ni mke wake. Lakini mkwe wangu ni muuguzi, na siku hiyo alikuwa zamu. Mimi nilikuwa sebuleni nashona mashuka ya watu. Mwanangu akaja kusimama mlangoni na mikono yake myekundu.

"Mama, njoo unikanyagie."

"Kwani mimi kifaa?"

"Wewe ndiye kifaa pekee humu ndani kisichoharibika."

Nikacheka, nikainuka. Ndivyo wanavyotupata.

Kiti cha ndege ile hakikutengenezwa kwa ajili ya mtu aliyezaa. Nilipanda juu ya stuli, akanishika kwapani, nikaingia kama mguu kwenye soksi iliyobana. Bati huku, bati huku, limenifika kifuani. Katikati ya magoti kuna usukani uliosimama kama mwiko kwenye sufuria, siruhusiwi hata kuuegemea. Na kwa kuwa mkia umelala chini na pua imepanda, unakaa umeegemezwa nyuma, mbele huoni kitu. Naona dari, naona ukingo wa juu wa geti, basi. Akachukua ile stuli, akaiweka mbali isimzuie.

Kulikuwa na upepo, na upepo ni vumbi, na chembe moja ya vumbi ikiingia kwenye mafuta hayo ni balaa. Kwa hiyo geti la chuma alikuwa amelifunga na kulipitishia komeo. Dirisha amefunga. Mlango wa kwenda koridoni ameurudishia na kuuzibia tambara chini. Mlango wa mbele wa nyumba niliufunga mimi kwa ufunguo, kama ninavyofanya kila ninapoacha sebule peke yake, na ufunguo ulikuwa shingoni mwangu kwenye uzi. Sisi wawili, ndani ya boksi.

"Kushoto kanyaga, usiachie," akaniambia. "Hiyo inaituliza ndege tu, isitikisike. Kulia ndiyo ya kazi. Nikisema kanyaga, kanyaga. Nikisema shika, shika. Nikisema achia, achia."

"Achia kulia."

"Kulia tu, mama."

Halafu akazama chini ya pua ya ndege, sikumwona tena. Nikabaki na sauti yake.

Sasa sikiliza hapa, wewe mwenye kijana, maana hapa ndipo jambo lilipo. Sakafu ya gereji ile ina mteremko, inashuka kuelekea getini, fundi aliyeijenga alitaka maji ya kuoshea yatoke nje yenyewe. Kinachozuia ndege isishuke ni kabari mbili za mbao, moja mbele ya kila gurudumu. Kabari ya kushoto mwanangu aliitoa asubuhi alipokuwa anafanya upande ule, na hakuirudisha. Ya kulia aliitoa pale pale, mimi nikiwa juu, aliitoa akaiweka chini ya kichwa. Shingo ilikuwa inamuuma kulala juu ya saruji. Akaigeuza mto. Moyoni anasema, si mama amekanyaga kushoto.

Mimi hilo silijui. Mimi najua mguu wangu wa kushoto unazuia isitikisike. Hakuniambia kwamba mguu huo ndio uliobaki badala ya mbao mbili.

Tukaanza. Kanyaga. Shika. Nasikia nipeli inafunguliwa, pedali inazama chini ya mguu, viputo vinalia huko chini kama mtoto anayenyonya mrija. Achia. Kanyaga. Shika. Achia. Ilikuwa kama kazi ya kawaida, nikaanza hata kuwaza mashuka yangu. Na mimi miaka yote miguu yangu ni ya cherehani ya kukanyaga. Miguu ya cherehani huenda pamoja, hakuna wa kulia wala wa kushoto.

Akasema achia. Nikaachia yote miwili.

Ndege haikupiga kelele. Ilisogea tu, taratibu, kama mtu anayesogea kwenye benchi kumpisha mwenzake. Nikasikia chini sauti ambayo si ya chuma. Nikashindilia miguu yote miwili kwa nguvu zangu zote. Wa kulia ukazama moja kwa moja hadi mwisho, hamna kitu, alisema achia kabla hajaikaza nipeli, ilikuwa bado wazi. Wa kushoto ukakamata. Ndege ikasimama.

"Baba," nikaita. Huyu nimempa jina la baba yangu, ndivyo ninavyomwita. "Baba, uko wapi?"

Halafu sauti ikaja, ndogo, kama ya mtu anayeongea akiwa amebeba gunia.

"Usi... usiachie."

"Siachii. Umeumia?"

"Gurudumu liko juu ya mkono. Limenibana mbavu. Mgongo uko getini."

Nikataka kuinuka. Mwili wenyewe ulitaka, si mimi. Nilipojivuta tu, mguu ukalegea kidogo na yeye akatoa mlio ambao sijausikia kwake tangu alipokuwa mdogo. Nikarudi kukaa. Hapo ndipo nikaelewa nilichokuwa nakishika. Nilikuwa nashika injini, bati, magurudumu, uzito wote ule, usimpande mwanangu kifuani, na nilikuwa naushika kwa unyayo mmoja wa mwanamke mwenye goti bovu. Nikitoka kwenda kumwokoa, namuua. Nikikaa, simwoni hata kichwa.

"Zungumza nami," nikamwambia.

"Pumzi haitoshi."

"Basi zungumza kidogo."

"Angalia kikopo. Kile cha mafuta. Yamefika wapi?"

Nikatazama kati ya magoti yangu. Mafuta mekundu yalikuwa yameshuka, na yalikuwa yanaendelea kushuka, polepole, kama chai anayokunywa mtu asiyeonekana.

"Yanapungua."

"Yanatokea huku, nipeli ya kulia. Siifikii. Spana iko chini ya mgongo." Akapumzika. "Mama, hiyo ya kushoto usiipampu. Usiinyanyue hata kidogo ukakanyaga tena. Kikopo ni kimoja kwa pedali zote mbili, kikiisha itavuta hewa. Ikivuta hewa, hakuna breki."

"Mbona inazama?"

Maana ilikuwa inazama, ile ya kushoto. Si sana. Kama mguu unavyoingia kwenye tope lililokauka juu. Nakanyaga, nakanyaga, na naona kidole changu gumba kinakwenda mbele kuliko kilipokuwa.

Nikamsikia akitafuta pumzi.

"Kuna hewa kidogo imebaki huko pia," akasema. "Nilidhani imekwisha."

Hakuna aliyemwambia mwenzake itafika mwisho lini. Niliita. Niliita mpaka koo likachanika. Na msaada haukuwa mbali, hilo ndilo linalonitia uchungu hadi leo. Nje ya geti, hatua moja kutoka mgongo wa mwanangu, bati tu katikati, anakaa fundi viatu tunayemwita Soli. Yuko pale kila siku na redio yake. Siku hiyo kulikuwa na mpira, mtangazaji anapayuka, na Soli na nyundo yake anapigilia visigino.

"Gonga geti," nikamwambia mwanangu. "Una mkono mmoja."

Akagonga kwa kiganja. Akagonga tena, kwa nguvu alizokuwa nazo. Redio ikaendelea. Kisha tukasikia sauti ya Soli, yenye furaha tele:

"Taratibu humo ndani, Rubani, utaruka na geti."

Na mtu mwingine nje akacheka.

Ndivyo ilivyo. Nyumba yetu ni nyumba ya kugonga. Miaka yote hii anatusikia tunagonga bati, tunagonga misumari, tunapiga kelele lete hiki, shika kile. Hata ningelia kama mbwa, angesema Mama Rubani leo amechoshwa na ndege. Mwanangu akagonga mara moja tena, halafu mkono ukanyamaza.

Nilikaa nikitazama kikopo kinashuka na kidole gumba kinakwenda. Paja lilianza kutetemeka, kutetemeka kule kwa cherehani inapokwama uzi. Nikashika goti kwa mikono miwili kulisukuma chini. Nikafikiria kila kitu kilichokuwa humo ndani, nikaona hakuna ninachokifikia. Nikafikiria komeo la geti, liko juu yake, hawezi. Nikafikiria maji. Sijui kwa nini nilifikiria maji. Labda kiu. Halafu nikakumbuka kwamba kila ninapoosha gereji maji yakipita chini ya geti, hata yakiwa kikombe kimoja, Soli huyasikia kuliko anavyosikia mwito wa chakula. Yanalowesha ngozi zake. Huja getini kunigombeza kila mara.

"Kopo la mafuta liko wapi?" nikauliza. "Kopo kubwa."

"Hapa. Karibu na kichwa."

"Limwage."

"Mama, ndiyo mafuta yote niliyonayo."

"Na wewe ndiye mtoto wote niliyenaye. Limwage yaende nje."

Nilisikia kopo linaanguka, na glagla-glagla yake. Sikuyaona, lakini najua ule mteremko kuliko ninavyojua kiganja changu, nilikuwa nayafuata kwa akili, yanapita begani kwake, yanafika getini, yanatafuta ule uwazi wa chini.

Nyundo ikasimama.

"Mama Rubani," Soli akaita. "Leo tena? Viatu vya watu hivi, mama, nitawaambia nini wenyewe?" Kisha redio ikazimwa, na gereji nzima ikawa na masikio. "Hii ni nini? Ni damu?"

"Soli," nikasema, na kwa kuwa redio ilikuwa imezimwa sikuhitaji hata kupayuka. "Kijana amelaliwa na ndege. Yuko hapo hapo nyuma ya geti."

Na mtu mwema yule akafanya kile ambacho yeyote angefanya. Alilishika geti akalitikisa kwa nguvu. Lile geti lilikuwa linaingia kwenye mgongo wa mwanangu. Alilia kilio kimoja kikakatika katikati.

"Acha geti," nikasema. "Acha. Usilishike. Pita ndani ya nyumba."

"Kumefungwa?"

"Kumefungwa. Nakupa ufunguo."

Kuutoa uzi shingoni kwa mkono mmoja, mwingine ukishikilia goti, huku nimebanwa mabega na bati, hilo nalo ni kazi ya mtu mwenye mikono mitatu. Nilipoutoa nikauning'iniza nje upande wa kulia, chini kabisa nilikofika, nikauachia. Ukaanguka. Ukateleza kwenye mafuta kuelekea alipo.

"Umeuona?"

"Nausikia." Alikuwa anapapasa. "Nimeupata."

"Upitishe chini."

Nasikia vidole vyake vinakwangua saruji, na upande wa pili vidole vya Soli, na Soli anasema, "Lete, lete, nimeushika, baba, nimeushika," kwa sauti ambayo sikuwahi kujua anayo.

Halafu viatu vinakimbia, mlango wa mbele, sebule. Halafu korido. Nikasikia bawa linakwaruzwa ukutani, kishindo, mtu anatukana kwa adabu.

"Bawa langu," mwanangu akasema huko chini.

"Nyamaza na bawa lako."

Mlango ukafunguka. Soli akaingia na aproni yake, na nyuma yake akaja mteja wake, mwanamume mnene, amevaa kiatu kimoja. Kingine kilikuwa bado kwenye kibanda kinashonwa. Amejaa rangi ya ukuta tumbo zima kwa kupita kwenye bawa. Niliona vichwa vyao tu, kisha wakainama wakamwona mwanangu, na vichwa vikapotea.

"Tusukume irudi nyuma," Soli akasema. "Wewe huku, mimi huku."

Wakashika kwenye vile vyuma vinavyotoka ubavuni, mahali bawa linapofungwa, wakasukuma. Ndege ikagoma upande wangu wa kushoto, maana gurudumu la kushoto nimelifunga kwa breki, ikataka kuzunguka. Upande wa kulia ukajikunja juu ya mwanangu. Akapiga yowe.

"Acheni," nikasema. "Haiwezi kurudi, nimeishika."

Wakaacha. Wote watatu tulikuwa tunahema. Mwanangu ndiye aliyelisema, kwa pumzi yake ya kijiko kijiko.

"Mama... wakiwa tayari... itabidi uachie."

Naomba uelewe. Tangu mwanzo, kitu pekee kilichokuwa kati ya mtoto wangu na kifo ni mguu ule. Na sasa wananiambia niutoe. Nimpe nani? Nimpe Soli ambaye hawezi kuinua kiroba cha unga bila kupumzika njiani, na mtu mwingine ambaye hata jina lake silijui. Nikainua shingo nikachungulia nje ya ukingo upande wa kulia, nione wanasimama wapi. Nikaona mguu wa yule mteja, ule wenye soksi. Umesimama katikati ya mafuta mekundu. Alipojaribu kujikaza, ukateleza.

"Siachii," nikasema.

"Mama Rubani, kijana anakata pumzi."

"Siachii. Mnateleza."

"Hatutelezi."

"Wewe mwenye soksi, sukuma nione."

Akasukuma. Mguu ukaenda nyuma kama ulio kwenye sabuni, akashikwa na Soli asianguke.

"Umeona," nikasema. "Nikiachia mkiwa hivyo mnaanguka naye anakwenda. Nenda sebuleni, livute zulia, lilete hapa."

"Zulia jipya?" Soli akauliza. Binadamu bwana. Hata hapo.

"Zulia."

Yule mteja akakimbia. Nasikia makochi yanaburutwa, bawa linakwaruzwa tena, na mara hii mwenyewe hakusema kitu juu ya bawa, na hilo lilinitisha kuliko kelele.

"Baba."

Kimya.

"Baba, nijibu."

"Nipo," akasema. Ilikuwa ni midomo zaidi kuliko sauti.

Pedali yangu ilikuwa imebakiza upana wa vidole viwili kugusa mwisho. Wakalitandaza zulia, manyoya chini, wakalikanyaga mpaka likanywa mafuta na kushikana na saruji. Yule mteja akavua na kile kiatu kimoja, akavua soksi, akasimama peku. Alisukuma nikiwa namwangalia. Miguu haikwenda popote.

"Sasa," Soli akasema. "Tumeishika, mama. Uzito tunao sisi. Achia."

Nikauambia mguu uachie. Haukusikia. Nakuapia sikuwa nafanya makusudi. Ulikuwa umekufa pale ulipo, umekakamaa kama mguu wa meza, na kila nilipojaribu kuulegeza ndivyo ulivyozidi kukanyaga. Ulikuwa umefundishwa jambo moja na haukutaka kufundishwa la pili.

"Achia, mama."

"Haunyanyuki."

"Mama," mwanangu akasema.

Nikaweka mikono yote miwili chini ya goti, nikalinyanyua kama mzigo wa mtu mwingine, nikalivuta kuja kwangu.

Ndege ikasogea. Kwa pale nilipokaa, nimeegemezwa nyuma, natazama dari, huwezi kujua unakwenda mbele au nyuma. Kuna muda pale, mfupi kuliko kumeza mate, ambao sikujua. Nilifumba macho. Nikasikia Soli anakoroma kwa nguvu, nikasikia kitu kinaburutwa, na yule mteja asiye na jina akasema, "Ametoka. Weka mbao. Weka mbao hapo."

Ndipo mwanangu akavuta pumzi. Ilikuwa ndefu, na yenye mikwaruzo, na aliivuta kama mtu anayekunywa. Kisha akakohoa. Mimi nikabaki mle ndani kwa sababu hakuna aliyekumbuka kunitoa.

Mfupa wa mkono ulivunjika mahali pawili, na mbavu nazo zilipata zake. Mkwe wangu alikutana nasi hospitalini akiwa na sare yake, akamhudumia bila kumsemesha, na nimeona wanawake wengi wakigomba lakini sijaona ugomvi mkali kama ule ukimya. Watu wa mtaa wakaja kunipa pole, na kila mmoja akawa na la kusema. Ichomeni moto. Iuzeni vyuma chakavu. Mkatazeni. Kana kwamba mtu mzima mwenye mke na ndevu zake anakatazwa.

Mimi simkatazi. Nawaambia nyinyi mnaosoma ambacho ningependa mtu angeniambia mimi. Kitu chochote chenye magurudumu kisishikwe na breki inayotengenezwa. Kishikwe na mbao, kishikwe na mawe, kifungwe kamba mkiani, na mtu asilale upande ambao kikiondoka kitapita. Kabari si mto. Usifunge kila mlango kwa sababu ya vumbi. Na wewe mama uliyewekwa juu, usikubali kuambiwa shika hapa tu. Uambiwe unashika nini. Unaposhika bila kujua, unadhani unamsaidia mtoto, kumbe umewekwa kuwa jiwe, na jiwe lina haki ya kujua liko juu ya mlima gani.

Breki ya kulia bado ilikuwa na hewa. Najua kwa sababu alianza kwenda gerejini jioni, mkono umefungwa shingoni, anasimama tu anaitazama. Kisha akaagiza kopo jingine la mafuta. Kisha siku moja nikamsikia anazungumza na Soli getini, anamwuliza kama ana nafasi ya kuja kumkanyagia, dakika moja tu.

Niliacha cherehani. Soli miguu yake siijui, na yeye atakuwa anasikiliza mpira.

Niliweka kabari mwenyewe, mbele na nyuma ya kila gurudumu, nikaongeza mawe. Mkia nikaufunga kwa kamba kwenye nguzo, fundo juu ya fundo, mpaka akasema, "Mama, hii siku ya kuruka tutaondoka na nyumba." Geti nililifungua lote, vumbi liingie litakavyo. Nikapanda kwenye stuli, nikajisokomeza kwenye kile kiti, bati huku, bati huku. Nilipokanyaga kushoto, nikalishika goti kwa mikono miwili, kabla ya kazi yoyote.

Akazunguka kwenda mbele na spana kwenye mkono wake mzima. Pua ya ndege ikamficha.

"Kanyaga kulia, mama," akasema.

"Kwanza simama nikuone."

"Niko hapa."

"Nimesikia uko hapo. Simama nikuone."

Akasimama. Kichwa kikatokea juu ya pua ya ndege, halafu mabega. Akawa ananitazama, anasubiri nimwambie ainame. Sikumwambia.